Vifaa Vikongwe vya Kuchomelea kwa Gesi na Kinachozeeka Ndani Yake

Seti ya kuchomelea kwa gesi, ambayo kwa kawaida huwa na mtungi wa oksijeni, mtungi wa asetilini, regyuleta mbili za kupunguza shinikizo, mipira miwili na tochi inayochanganya gesi hizo kabla hazijawaka, ni miongoni mwa vifaa vichache vya karakana ambavyo mwana huweza kuvirithi kwa baba, kwa kuwa sehemu zake nyingi hutengenezwa kwa aloi ya shaba na zinki isiyoshika kutu. Uimara huo wa nje ndio unaowapotosha wengi. Kinachomlinda fundi ni vipande vidogo vya mpira na plastiki vilivyofichika nyuma ya shaba hiyo, navyo huzeeka hata kama kifaa hakikuguswa kwa miaka yote kiliyokaa stoo.

Hatari ya kwanza hutoka kwa gesi inayodhaniwa kuwa pole. Oksijeni yenyewe haiwaki, lakini huchochea kuwaka kwa vitu vingine, na inapotoka kwenye mtungi uliojazwa kwa shinikizo la bari 150 hadi 200, mafuta au grisi iliyosalia kwenye hesi huweza kulipuka pasipo cheche yoyote. Vali ya mtungi ikifunguliwa kwa ghafla, gesi iliyomo ndani ya regyuleta hugandamizwa mara moja na kupata joto la mamia ya nyuzi, kiasi kwamba tone la mafuta, vumbi au chembe ya mpira uliochakaa hugeuka kuni. Ndiyo maana vali hiyo hufunguliwa polepole sana, skrubu ya regyuleta ikiwa imelegezwa kabisa, naye fundi akisimama kando na kuepuka kuielekea geji. Mazoea ya kupaka mafuta kila nati iliyokwama, ambayo kwenye mashine nyingine ni sifa ya fundi mwangalifu, hapa ni kosa lisilosameheka: hesi za gesi hufungwa zikiwa kavu na safi. Matundu yaliyoachwa wazi nayo yanahitaji kukaguliwa, kwani nyigu hupenda kujenga viota vya udongo humo.

Ndani ya regyuleta mna kiwambo, yaani utando unaosukumwa na springi upande mmoja na gesi upande wa pili, pamoja na kikalio laini ambacho vali hukigandamiza ili kuziba njia. Kiwambo cha mpira kikikauka hupasuka, na kikalio kilichobanwa kwa miaka mingi hubaki na kovu, hivyo gesi huendelea kupenya hata pale inapopaswa kuzuiwa. Dalili yake ni mshale wa geji ya upande wa tochi kupanda wenyewe ilhali vali za tochi zimefungwa, na regyuleta inayofanya hivyo hutolewa kazini papo hapo. Nchini Uingereza, miongozo ya sekta ya gesi hupendekeza regyuleta ibadilishwe au ikarabatiwe na mtaalamu kila baada ya miaka 5. Iliyokaa stoo miaka 20 haina hoja ya kujitetea, hata kama kioo cha geji yake hakina mkwaruzo.

Asetilini ina tabia yake. Gesi hii huweza kuvunjika na kulipuka bila hewa ikishinikizwa kupita kiasi, kwa hiyo shinikizo la kazi huwekwa chini ya bari 1 hivi, ingawa baadhi ya nchi huruhusu hadi 1.5. Ndani ya mtungi huhifadhiwa ikiwa imeyeyushwa katika asetoni, ambayo ni kimiminika kilichonyonywa na kijazo chenye vitundu mithili ya sifongo. Mtungi uliolazwa husimamishwa kwa saa 12 au zaidi kabla ya kutumika ili asetoni irudi mahali pake. Vilevile, asetilini ikikutana na shaba tupu au fedha hufanyiza asetilidi, chumvi inayoweza kulipuka kwa kuguswa tu, na kwa sababu hiyo kipande cha bomba la shaba kilichowahi kutumika kuunganisha mipira iliyokatika ni sababu tosha ya kuikataa seti nzima mpaka ikaguliwe.

Mipira yenyewe haistahili mjadala mrefu: ikikunjwa na kuonyesha nyufa, hutupwa. Rangi zahitaji tahadhari zaidi, kwa sababu viwango vya kimataifa huipa oksijeni mpira wa buluu na asetilini mwekundu, ilhali Marekani oksijeni hutumia kijani, na vifaa vya mitumba hufika Afrika Mashariki kutoka pande zote mbili. Alama ya kuaminika zaidi ni hesi, kwani nati za asetilini hukazwa kuelekea kushoto na huwa na mikato pembeni. Seti nyingi za zamani hazina pia vizuizi vya moto, yaani vifaa vinavyouzima mwali unaorudi nyuma kupitia tochi kuelekea mtungini. Kuvinunua ni gharama ya lazima.

Palipo na mtambo wa karabidi, ambao huzalisha asetilini kwa kukutanisha mawe ya karabidi na maji na ambao bado huonekana katika baadhi ya karakana za jua kali, masalia ya ndani huweza kutoa gesi tena yakipata unyevu. Mtambo kama huo huoshwa kwa maji mengi nje, mbali na moto, na haukatwi wala kuchomelewa kabla ya kusafishwa na kujazwa maji.

Uvujaji hupimwa kwa kimiminika maalumu cha kutoa povu. Njiti ya kiberiti haifai, wala sabuni ya mche iliyotengenezwa kwa mafuta. Kila gesi hupitishwa peke yake kwa muda mfupi mahali penye hewa ili kutoa mchanganyiko uliobaki mipirani, kisha asetilini huwashwa kwanza.

Tarehe ya kupimwa kwa mtungi huwa imegongwa kwenye bega lake, na mtungi uliopitisha muda wa kupimwa tena haujazwi mpaka upimwe upya. Anayemiliki mtungi wa namna hiyo, au mtungi ambao hajui yaliyomo ndani yake, asijaribu kuufungua au kuumwaga. Aiite kampuni ya gesi iuchukue, hata kama hana nia ya kuchomelea kamwe.