Maana ya Neno Mjakazi

Msichana atokaye vilima vya Kilungu, katika Makueni, kwenda mjini kulea watoto wa watu kwa mshahara, pengine husikia akiitwa mjakazi. Wamwitao hivyo hudhani kuwa jina hilo latokana na kazi aifanyayo. Sivyo.

Neno hili lina sehemu mbili. Mja ni mtumwa. Ndiyo sababu binadamu huitwa mja wa Mungu. Na kazi, hapo mwishoni, ni neno la kale la Kibantu lenye maana ya mwanamke. Waswahili wangali nalo katika mkazamwana, yaani mke wa mwana. Na Wazulu humwita mke wa mfalme inkosikazi. Basi mjakazi ni mtumwa wa kike, kama mtwana alivyo mtumwa wa kiume. Aliweza kuuzwa, wala hakuwa na ujira.

Seyyid Hamoud wa Unguja, ambaye mji wa Sultan Hamud karibu na Kilungu una jina lake, alitoa amri ya kuuondoa utumwa katika sheria za Unguja na Pemba mwaka 1897. Pwani ya Kenya ilifuata mwaka 1907.

Mlezi wa watoto ni yaya, neno la Kireno lililopitia Bara Hindi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yampa mshahara wake na siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Huyo si mja wa mtu. Yafaa aitwe yaya, au, vizuri zaidi, kwa jina alilopewa na wazazi wake.