Kivu: Kinu kinapasukia katika haraka

Familia inapokimbia vita, sufuria zinafungwa ndani ya kitenge, mkeka unawekwa kichwani, mtoto anabebwa mgongoni. Kinu kinabaki. Ni kizito, na hakuna mtu anayekimbia risasi akiwa amekumbatia gogo.

Februari 2025, kambi za Bulengo na Lushagala, pembeni ya Goma, zilivunjwa na watu wengi wakashika njia ya kurudi Masisi na Rutshuru. Mama anayerudi namna hiyo anaazima kwanza kinu cha jirani. Lakini sombe ya kila siku haipikwi kwa kuazima, kwa hiyo siku moja atanunua kipya. Hapo shida nyingine inaanza, kwa sababu kinu kipya kinaweza kupasuka kabla hakijazoea mchi.

Mimi mwenyewe nilinunua kimoja, kizuri, cheupe, kingali na harufu ya mti. Nikakiweka juani nikifikiri ninakikausha. Siku ya tatu kilikuwa na ufa wa kuingiza kidole. Nilirudi kwa muuzaji na hasira nyingi, lakini sehemu kubwa ya kosa ilikuwa yangu, mimi na jua.

Mti uliokatwa leo umejaa maji. Katika miti mingi, karibu nusu ya uzito wa gogo bichi ni maji matupu. Ndiyo maana mafundi wa vinu, mabakuli na miiko wanachonga mti ungali mbichi: tezo inaingia kwa urahisi na vipande vinatoka vikubwa. Ukingoja mti mgumu ukauke, utanoa chuma kuliko utakavyochonga.

Lakini yale maji lazima yatoke, na yakitoka mti unapungua. Haupungui sawasawa. Kwa urefu, karibu haubadiliki. Kwa kuzunguka zile duara zinazoonekana kwenye kisiki, unapungua kama mara mbili kuliko kutoka moyoni kwenda kwenye ganda. Upande mmoja unavuta kuliko mwingine, na mti unapasuka kuelekea moyoni. Tena maji yanatoka haraka zaidi pale gogo lilipokatwa, juu na chini, kwa kuwa njia ndogo zilizokuwa zinapandisha maji zimebaki wazi. Ufa unaanzia hapo.

Kwa bakuli, dawa inajulikana. Fundi anapasua gogo katikati, anatupa moyo wa mti, kisha anachonga bakuli katika nusu moja. Ukuta unaachwa na unene mmoja pande zote, ili usikauke hapa kabla ya pale. Bakuli linafukiwa ndani ya maranda yake lenyewe au linafunikwa na gunia, kivulini, mbali na upepo. Likikauka linapinda kidogo, linakuwa kama yai. Hilo si kosa. Bakuli la mkono liko hivyo.

Kinu ni kazi nyingine. Kinasimama jinsi mti ulivyosimama, kwa hiyo moyo hauwezi kutupwa wote. Kuchimba shimo kunauondoa kwa juu, lakini katika kitako unabaki. Fundi mwenye subira anachimba mapema, anapaka mawese kitako na ukingo ili maji yatoke polepole, halafu anakiacha kivulini kwa majuma mengi.

Lakini majuma hayo ni pesa iliyolala. Kodi ya nyumba hailali, wala karo ya watoto. Anayeuza kinu kibichi anakula leo, na mteja sokoni hawezi kuona tofauti kwa macho.

Kuna pia swali la mti wenyewe. Ndani ya Virunga, hifadhi iliyoundwa mwaka 1925, na Kahuzi-Biega, iliyoundwa 1970, kukata mti ni marufuku. Hata hivyo makala inayopikia Goma kwa miaka mingi imetoka kwa sehemu kubwa katika miti ya Virunga. Na nje ya hifadhi, mchoma makala na fundi wa vinu wanatafuta gogo lile lile. Mara nyingi mchoma makala ndiye anayeshinda, kwa sababu kwake kila kipande ni mali, hata tawi lililopinda.

Fundi anabaki na mikaratusi ya mashambani. Inakua haraka, inanyooka, inafaa kwa nguzo na kwa chukudu. (Chukudu ina sanamu yake Goma. Kinu bado kinangoja.) Lakini mkaratusi unabeba mvutano mkubwa ndani ya shina, na ukikatwa tu, ncha zake zinaanza kufunguka. Kuufanya kinu kunataka mti uliokomaa na muda mrefu, vitu viwili ambavyo fundi wa leo hana.

Wengine watasema mashine za kusaga sombe zimefika sokoni, na bakuli la plastiki halipasuki. Kwa bakuli, sibishi. Kwa sombe, mashine inataka mafuta au umeme, na vijiji vingi havina. Na majani ya muhogo hayatwangwi kwa ajili ya utamu tu: yana sumu ya sianidi, na kuyaponda vizuri kabla ya kuyachemsha ndiko kunaifungua sumu hiyo ili itoke.

Ukienda kununua, inua kinu kwanza. Kikiwa kizito kupita ukubwa wake na ubaridi wake unasikika mkononi, bado kina maji. Kipindue, tazama kitako: nyufa ndogo zinazotoka moyoni kama miale zitakua. Nyumbani, kipake mawese kitako na ukingo, ukiweke kivulini, mbali na jiko, na usikipeleke juani hata kikilowa.

Kile changu kimekuwa kiti cha jikoni. Nimekigeuza, ufa umeelekea ukutani.