Boneti imegoma kufunguka? Usikimbilie kukata wala kugonga

Gari linaweza kuwa zima kabisa, injini inawaka vizuri na matairi yana upepo, lakini likakusumbua kwa sababu ya waya mmoja mwembamba. Waya huo ndio unaofungua boneti. Ukikatika au kunasa, huwezi kupima oili, huwezi kuongeza maji ya rejeta, na betri ikilala huwezi hata kuunganisha waya wa kuazima moto. Kwa gari linalobeba abiria na mizigo kati ya vijiji, mahali ambapo gereji iko mbali, hilo si jambo dogo.

Tatizo hili huyapata zaidi magari yaliyotumika miaka mingi, kama Toyota Corolla 110 zilizoanza kutengenezwa mwaka 1995, au Probox za mwanzo zilizotoka kuanzia mwaka 2002. Si kwamba magari hayo ni mabaya. Plastiki huchakaa kwa jua, chuma hushika kutu, na vumbi la barabara zetu huingia kila mahali.

Wengi wakikwama huanza kuvuta kwa hasira, kugonga boneti kwa ngumi, au kukubali haraka fundi anaposema lazima akate. Mara nyingi boneti hufunguka bila kuharibu kitu, ila inabidi kwanza ujue kasoro iko wapi.

Boneti hufungukaje?

Mfumo wenyewe una sehemu tatu. Ya kwanza ni kishikio kilicho ndani, chini ya dashibodi upande wa dereva. Ya pili ni waya, ambao mafundi huuita kebo. Umetengenezwa kwa nyuzi za chuma na hupita ndani ya ganda la plastiki, kama waya wa breki ya baiskeli. Unatoka kwenye kishikio, unapenya ukuta unaotenganisha dereva na injini, unafuata ubavu wa ndani wa madigadi na kufika mbele. Ya tatu ni komeo, au loki, lililo mbele katikati, juu ya rejeta.

Ukivuta kishikio, waya huvuta mkono mdogo wa komeo, nalo huachia. Boneti huinuka kidogo, lakini haifunguki yote, kwa sababu kuna ndoano ya pili ya usalama ambayo unaiachia kwa kidole. Ndoano hiyo imewekwa ili boneti isiinuke ghafla gari likiwa barabarani.

Kwa hiyo kasoro iko kwenye kishikio, kwenye waya au kwenye komeo. Mkono wako utakuambia ni wapi.

Kabla ya kugusa chochote

Egesha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka mawe kwenye matairi na uzime injini. Kama injini ina moto, subiri ipoe. Katika baadhi ya magari feni ya rejeta inaweza kuzunguka yenyewe hata baada ya kuzima, na vidole vyako vitakuwa karibu nayo.

Kishikio kimevunjika

Hii ndiyo hali nyepesi. Plastiki imekatika, lakini waya bado upo. Inama uangalie kwa tochi ya simu. Utaona ncha ya waya yenye kitonge kidogo cha chuma. Kibane kwa koleo, au plaizi, kisha vuta taratibu ukifuata mwelekeo wa waya. Usivute kwa kupindisha, maana nyuzi zitakatika moja moja. Boneti ikifunguka, nunua kishikio kipya. Usizoee kutembea na plaizi chini ya kiti kama ndiyo kishikio, kwa sababu kila ukibana unaichosha ncha ya waya.

Kishikio ni kigumu, boneti haiachii

Hapa waya bado mzima. Komeo limenasa kwa kutu, tope kavu au vumbi lililochanganyika na grisi ya zamani. Tafuta mtu wa pili. Wewe vuta kishikio na ukishikilie. Mwenzako aweke viganja viwili mbele ya boneti, katikati, juu ya komeo, akandamize kwa uzito wa mwili kisha aachie. Arudie mara kadhaa.

Kukandamiza kunasaidia kwa sababu boneti iliyofungwa hukaa kwa msukumo. Raba za pembeni zinaisukuma juu na komeo linaivuta chini. Unapokandamiza unapunguza mvutano, na komeo linapata nafasi ya kuachia. Akandamize kwa viganja, asigonge kwa ngumi. Bati la boneti ni jepesi, likibonyea utalipa fundi bodi.

Ikigoma bado, pulizia dawa ya kulainisha kutu kupitia uwazi wa grili, yaani wavu wa mbele, ukilenga komeo. Subiri kama robo saa, kisha mrudie.

Kishikio kinakuja kirahisi, hakina uzito

Hii inamaanisha waya umekatika au ganda lake limechomoka. Anza na ganda. Angalia pale linaposhikizwa karibu na kishikio. Kama limetoka kwenye kibanio chake, ganda na waya vinasogea pamoja na komeo halivutwi. Shika ganda kwa mkono mmoja ulizuie, kisha vuta waya wa ndani kwa plaizi.

Kama waya umekatika karibu na kishikio, menya ganda kidogo upate ncha ya kubana. Kama umekatika mbali zaidi, katika baadhi ya magari unaweza kuufikia kwa kufungua plastiki ya ndani ya madigadi, juu ya tairi la mbele upande wa dereva.

Ikiwa umekatika kwenye komeo lenyewe, njia iliyobaki ni mbele. Mulika kupitia grili mpaka uone mkono mdogo wa komeo ambapo ncha ya waya hushikizwa. Chukua bisibisi ndefu au waya mgumu uliokunjwa kama ndoana. Spoki ya baiskeli inafaa. Uvute ule mkono kuelekea upande ambao waya ulikuwa unauvuta, huku mwenzako akikandamiza boneti. Nenda polepole, kwa maana nyuma ya grili kuna rejeta, na kwenye gari lenye kiyoyozi kuna nyingine nyembamba mbele yake. Ukizitoboa, utakuwa umeongeza tatizo kubwa juu ya dogo.

Magari mengine hayaonyeshi komeo kutoka mbele. Hapo fundi hufungua kifuniko cha chini ya injini na kupitisha mkono au chombo kutoka chini. Kazi hiyo ifanyike kwenye shimo la gereji au juu ya stendi imara. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Imefunguka, usiifunge bado

Hapa ndipo wengi hurudi walikotoka. Boneti inafunguka, wanafurahi, wanaibamiza, nayo inagoma tena. Iache wazi mpaka kazi iishe.

Safisha komeo kwa brashi na mafuta ya taa, likaushe, kisha lipake grisi mpya kidogo. Kama waya umekatika, unabadilishwa wote. Kabla fundi hajautoa ule wa zamani, mwambie afunge uzi imara kwenye ncha yake. Waya ukitoka, uzi unabaki njiani, na huo ndio utakaouvuta waya mpya katika njia ileile. Wapo mafundi wanaotumia waya wa breki au klachi ya pikipiki pale wa gari usipopatikana. Kama ndivyo, hakikisha urefu unatosha, umo ndani ya ganda, na hauna kona kali.

Sasa jaribu, boneti ikiwa bado wazi. Bonyeza komeo kwa bisibisi mpaka lijifunge, kama vile boneti imeshuka. Mtu avute kishikio ndani. Komeo limeachia? Rudieni mara tatu. Likiachia mara zote tatu, fungeni boneti. Likigoma hata mara moja, kazi haijaisha, na fundi asilipwe kwanza.

Ukikwama mbali na gereji

Kama boneti imefungwa barabara na haifunguki, gari linaweza kutembea, lakini kumbuka huwezi kuona oili wala maji. Usiondoe macho kwenye mshale wa joto na taa ya oili. Mshale ukipanda kuliko kawaida, simama uzime uache ipoe. Taa ya oili ikiwaka, zima papo hapo. Injini iliyokufa ni ghali kuliko gari kuvutwa.

Kama boneti imefunguka lakini komeo halishiki, hatari ni kubwa zaidi. Upepo ukiingia chini yake unaweza kuiinua yote ikapiga kioo cha mbele, nawe usione barabara. Hakikisha ndoano ya usalama imeshika, funga boneti kwa kamba imara mbele, kisha nenda polepole mpaka gereji ya karibu tu. Usipakie abiria.

Swali la kumuuliza fundi

Ukifika gereji, uliza: “Utaanzia wapi?” Fundi mzuri ataanza na kishikio, aende kwenye waya, amalizie na komeo. Akianza kwa kutaka kukata grili au kuinua boneti kwa nondo, mwombe ajaribu kwanza njia tulizozitaja. Kukata ni hatua ya mwisho, na mkubaliane gharama kabla hajashika msumeno.

Kwa wewe ambaye boneti yako bado inafunguka, vuta kishikio leo ukiwa nyumbani. Kama kimekuwa kigumu kuliko mwaka jana, au inabidi uvute mara mbili, hiyo ni dalili ya mapema. Tone la oili na grisi kwenye komeo kila unapobadilisha oili ya injini ni kazi ya dakika tano. Ni bora uifanye ukiwa na nafasi, kuliko uitafute boneti ukiwa njiani usiku na mgonjwa yuko kiti cha nyuma.