Kujifungua kwa Njia ya Asili, Mkunga Akiwa Kando

Mama anayeshikwa na uchungu usiku wa mvua za Aprili huko Kunyak au Kamasian huwaza jambo moja tu: afike hospitali kabla mtoto hajafika. Barabara za vilima vya Kipkelion huteleza, bodaboda hupanda kwa shida, na hospitali ya kaunti ndogo iko mjini Kipkelion, mji uliokua kando ya stesheni ya reli ambayo enzi za ukoloni iliitwa Lumbwa. Akishapokewa, huzuka swali jingine. Atazaa vipi?

Zamani wengi hawakulifikia swali hilo, kwa kuwa walizalia nyumbani. Serikali iliondoa ada ya kujifungua katika hospitali za umma tarehe 1 Juni 2013, na utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba watoto 82 kati ya kila 100 nchini Kenya huzaliwa katika kituo cha afya. Mwaka 2014 walikuwa 61.

Hata hivyo kuna akina nyanya ambao bado humwonya mkaza mwana: hospitalini utalazwa chali, utatundikiwa dripu, utakatwa njia, na mume wako ataachwa nje ya geti. Hofu hiyo haikutoka hewani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamuru mama mmoja alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5, baada ya kuzalia sakafuni na kudhalilishwa na wauguzi mwaka 2013. Mama aliyesikia habari kama hiyo ana haki ya kuuliza kabla ya kupanda kitandani.

Fikra ya kuzaa kwa njia ya asili ilitangazwa sana na daktari Mwingereza Grantly Dick-Read katika kitabu chake cha 1933. Alisema woga huukaza mwili, mwili uliokazwa huumia zaidi, na maumivu hayo huzidisha woga. Tangu hapo wapo walioielewa fikra hiyo kana kwamba ni kuikimbia hospitali. Hapo ndipo wanapokosea, na kosa hilo linaweza kuua. Hospitali iliyo makini inaweza kuuachia mwili wa mama ufanye kazi yake na bado ikamlinda dakika kwa dakika.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unaeleza jinsi ya kufanya hivyo. Kwa miaka mingi wakunga walifundishwa kwamba mlango wa kizazi lazima ufunguke sentimita 1 kila saa, na mama aliyechelewa alitiwa dripu ya kuongeza uchungu. Mwongozo huo uliifuta kanuni hiyo. Leba yenyewe huhesabiwa kuanzia sentimita 5, na kwa mimba ya kwanza inaweza kuchukua hata saa 12 bila kuwa na tatizo. Kunyoa nywele na kumwosha mama tumbo kwa bomba si lazima tena. Kukata njia kusifanywe kwa mazoea. Mama asiye na tatizo aruhusiwe kunywa chai au uji, atembee, achuchumae, apige magoti au alale ubavu. Kulala chali kwa muda mrefu huufanya uzito wa tumbo ubane mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni.

Mkunga naye hakai tu. Kila nusu saa husikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, mara nyingi kwa kile kitarumbeta kidogo anachokiegemeza tumboni huku ameinamisha sikio. Mama anaposukuma, husikiliza kila baada ya dakika 5. Hupima mlango wa kizazi kila saa 4 na kuyaandika yote kwenye fomu ya leba. Kazi hii haihitaji mashine ya bei ghali. Inahitaji wakunga wa kutosha zamu ya usiku, na kwangu mimi hilo ndilo pengo la kwanza la kuzibwa kabla ya kununua kifaa chochote.

Kuna dawa nyingine isiyouzwa dukani: mtu wa kukaa na mama. Uchambuzi wa tafiti 26 zilizohusisha wanawake zaidi ya 15,000 katika nchi 17 ulionyesha kwamba aliye na mwenzake muda wote wa leba huelekea kuzaa upesi zaidi, na uwezekano wa kupasuliwa hupungua. Anaweza kuwa dada, mama mkwe au mume. Pazia kati ya kitanda na kitanda hutosha kulinda faragha ya wengine.

Mtoto akishatoka, awekwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, na kitovu kisikatwe kabla ya dakika 1. Wakati huo mama hudungwa sindano ya oksitosini ili mfuko wa uzazi ujikaze. Asiikatae kwa jina la asili. Kuvuja damu baada ya kuzaa ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya vifo vya wazazi. Utafiti mkubwa uliofanywa Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na kuchapishwa 2023 ulionyesha kwamba kuipima damu mapema na kutoa matibabu yote kwa mkupuo mmoja hupunguza madhara makubwa kwa asilimia 60.

Upasuaji nao una mahali pake. Mtoto aliyelala kingamo, kondo lililoziba njia, au presha iliyopanda sana havingoji. Nchini Kenya kiwango cha upasuaji kilipanda kutoka karibu asilimia 9 mwaka 2014 hadi 17 mwaka 2022. Wapo waliookolewa nao, na kwa mama aliyehitaji kisu hakuna aibu yoyote.

Kwa hiyo wewe unayehudhuria kliniki, anza kabla ya wiki ya 12 na uulize mapema: nani ataruhusiwa kukaa nami? Nitaweza kutembea na kuchagua mkao? Mambo yakibadilika, nitapelekwa hospitali ya rufaa ya Kericho kwa gari gani, na nani ataliita? Jisajili pia SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, kwa kuwa mfuko wa bima wa NHIF uliokuwa ukiendesha Linda Mama, mpango wa kujifungua bila malipo, ulifungwa 2024, na usajili haufai kuanza uchungu ukiwa umeshashika.