TUTA LA BWAWA LIKAGULIWE

Bwawa la udongo ni nini? Ni maji yaliyozuiwa kwa tuta la udongo ulioshindiliwa. Malambo mengi ya vijijini ni ya namna hiyo. Tukifika bwawani tunatazama maji: Je, yamejaa? Samaki wapo? Lakini nani anatazama tuta?

Tuchukue mfano wa Marekani. Katika jimbo la Georgia palikuwa na bwawa dogo liitwalo Kelly Barnes. Tuta lake la udongo lilikuwa na kimo cha meta 12 hivi. Zamani maji yake yalizalisha umeme. Kazi hiyo ilikoma mwaka 1957, bwawa likabaki la kupumzikia tu. Bondeni, chini ya bwawa, palikuwa na chuo na nyumba za watu.

Tarehe 6 Novemba 1977, baada ya mvua kubwa, tuta lilibomoka. Ilikuwa saa 7:30 usiku, watu wamelala. Walikufa watu 39, wakiwamo watoto.

Kwa nini lilibomoka? Wachunguzi waliona kuwa huenda sababu ni zaidi ya moja. Upande wa nje, tuta lilikuwa na mteremko mkali. Udongo ulikuwa umelowa sana. Tena, huenda maji yalikuwa yakipenya ndani na kuchukua udongo kidogo kidogo. Dalili ilikuwapo mapema: picha ya mwaka 1973 ilionyesha kuwa upande huo ulikwisha kuporomoka mahali.

Basi, ndugu msomaji, sisi tufanye nini?

1. Tukague tuta mara kwa mara, hasa baada ya mvua kubwa. Tutafute nyufa, mashimo ya wanyama na mahali palipoporomoka.

2. Majani mafupi yanashika udongo, tuyaache. Miti tuing'oe ingali michanga. Mti mkubwa tusiung'oe ovyo, maana utaacha shimo. Tumwulize fundi wa maji.

3. Njia ya kutolea maji yaliyozidi isizibwe. Maji yakipita juu ya tuta, yatalikata.

4. Tusijenge nyumba bondeni chini ya bwawa.

Je, maji yanatoka nyuma ya tuta, tena ni ya matope? Hiyo ni hatari kubwa. Maji hayo yanabeba udongo wa tuta. Usingoje kesho. Waambie watu wa bondeni wahame mara moja, wapande juu, kisha mwite fundi.