TANDIKO LA PUNDA: SABUNI HUONDOA NINI, NA NINI HAIONDOI



Kila mwaka katika Jumapili ya Matawi tunasikia jinsi wanafunzi walivyotandika mavazi yao juu ya punda, na Bwana wetu akaketi juu yake kuingia Yerusalemu. Injili haisemi ni nani aliyeyafua mavazi hayo baadaye. Lakini katika familia zetu mfuaji anajulikana: ni mama, au binti, na siku hizi, Mungu asifiwe, mara nyingine ni kijana mwenyewe anayemwongoza punda.

Katika sehemu nyingi za nchi yetu, kama vile Mbulu, Karatu na Simanjiro, punda ni mkono wa kulia wa familia. Huleta maji kutoka mbali, hupeleka mahindi mashineni, huvuta mkokoteni siku ya mnada, na siku ya shida humleta mgonjwa zahanati. Mgongoni huwekewa tandiko: gunia, blanketi kuukuu, au khanga iliyokwisha kuchakaa. Juu yake huwekwa shogi, kisha mzigo. Tandiko hilo hunyonya jasho, mavumbi, mkojo na samadi, na jioni huingizwa ndani ya nyumba lisiibiwe. Usiku baridi ikizidi, mtoto hufunikwa nalo. Ndiyo sababu mwezi huu tumeona vema kuzungumza juu ya kulifua na kulikausha.

TULIYOYAONA WODINI

Miaka kadhaa iliyopita aliletwa kwetu kijana wa miaka 14. Taya zilikuwa zimekaza, hawezi kufungua kinywa hata kupokea uji. Mlango ukigongwa tu, mwili wote ulijikunja kama upinde. Siku tisa kabla yake alikuwa amechomwa mguuni na msumari wa mkokoteni. Mama yake alikifunga kidonda kwa kitambaa alichokichana kutoka katika khanga iliyokuwa tandiko la punda.

Mama yule alilia akatuambia: "Sista, kitambaa nilikifua kwa sabuni, nikakichemsha, nikakianika juani kutwa nzima. Nimekosa wapi?"

Ugonjwa ule ulikuwa pepopunda. Hata jina lake lina punda ndani yake. Kijana alilala katika chumba cha giza na kimya kwa majuma mengi, na kwa neema ya Mungu alipona. Wengi hawaponi. Lakini swali la mama yule hatujalisahau, kwa kuwa alifanya kazi yake vizuri kuliko wengi wetu. Jibu lake ndilo fundisho la leo: kufua na kuanika huondoa mambo mengi mabaya, lakini kuna moja ambalo maji, sabuni na jua haviliwezi.

YALE AMBAYO KUFUA HUONDOA

Kwanza ni ugonjwa wa choa. Punda, farasi, ng'ombe, mbwa na paka hupata choa kinachosababishwa na fangasi. Manyoya hunyonyoka kwa mabaka ya duara na ngozi hutoa magamba. Mbegu za fangasi hao hukaa katika tandiko, kamba na brashi kwa miezi mingi, zikingoja ngozi nyingine. Mtoto akilalia tandiko hilo huota duara linalowasha mwilini, au hupata mapunye kichwani na nywele hukatika. Choa cha mwilini hutibiwa kwa dawa ya kupaka, kama mafuta ya Whitfield au klotrimazoli. Mapunye ya kichwani huhitaji dawa ya kumeza, kwa hiyo mleteni mtoto zahanati. Na kama tandiko halikufuliwa, dawa itaisha na choa kitarudi.

Pili ni upele wa wanyama. Vijidudu vyake vikimpata mtu huleta mwasho wa siku chache, kisha hufa, maana hawawezi kuendelea kuzaliana katika ngozi yetu. Chawa wa punda nao hawaishi mwilini mwa mtu. Basi msimwogope punda bure.

Tatu ni vidonda vya punda mwenyewe. Jasho lililokauka huwa chumvi na gamba gumu, na tandiko huwa kama msasa. Ngozi huchubuka, nzi hufika, usaha huanza. Yuko mtu wa kusema "punda afe mzigo ufike", lakini punda akilala kwa kidonda, maji hayafiki, na mzigo ule hurudi kichwani mwa mama. Kitabu cha Mithali, sura ya 12, chatufundisha kwamba mwenye haki huujali uhai wa mnyama wake.

NAMNA YA KUFUA

Fuateni utaratibu huu:

1. Kila jioni kung'uteni tandiko nje ya nyumba, mkiupa upepo mgongo ili mavumbi yasiingie machoni na puani. Ondoeni manyoya na miiba kwa brashi ngumu au gunzi la hindi.

2. Walau mara moja kwa juma lifueni. Tengeni beseni au ndoo ya kazi hiyo tu. Beseni la kuoshea vyombo au la kumwogeshea mtoto lisitumike.

3. Fueni mbali na kisima, chemchemi na mto. Maji machafu yamwagwe shimoni au shambani, pasipochezewa na watoto.

4. Loweka kwa maji ya sabuni kwa nusu saa, kisha sugueni pande zote mbili. Suuzeni mpaka maji yatoke bila povu. Sabuni ikibaki, itamchoma punda mgongoni mara atakapotoa jasho.

5. Kama kuna choa nyumbani au zizini, tandiko la pamba lililokwisha kufuliwa na kusuuzwa lilowekwe tena katika maji yenye dawa ya klorini ya kufulia. Kwa dawa ya kawaida ya dukani yenye nguvu ya asilimia 5, tieni kipimo 1 cha dawa katika vipimo 9 vya maji. Liacheni kwa dakika 10, kisha lisuuzeni vizuri. Msichanganye kamwe klorini na dawa nyingine ya kusafishia choo, maana hutoa hewa ya sumu. Msiitumie kwenye ngozi wala blanketi la sufu, huviharibu.

6. Kila punda awe na tandiko lake. Kuazimana matandiko ni kuazimana maradhi.

Mikanda ya ngozi isilowekwe. Ipanguseni kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni, ikaukie kivulini, kisha ipakeni mafuta kidogo ili isipasuke. Wengine hupaka oili chafu ya gari. Hiyo ni sumu, huunguza ngozi ya mnyama na ya mtu anayeishika. Kamba za nailoni huoshwa kwa sabuni, na mahali zinapogusa mwili zizungushiwe kitambaa laini cha pamba. Lijamu ya chuma ioshwe kwa maji safi kila baada ya kazi.

Mfuaji mwenyewe, kama ana mkwaruzo mkononi, aufunike kwanza. Akiwa na glavu, ni bora zaidi. Akimaliza anawe mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko.

NA NGUO ZA MWENYE PUNDA?

Kijana anayeshinda na punda awe na nguo za kazi: suruali, shati, au shuka lake. Akirudi azivue kabla hajambeba mdogo wake au kupanda kitandani. Nguo hizo zifuliwe peke yake, wala zisichanganywe na nepi za mtoto mchanga au mashuka ya kulalia. Viatu vyenye samadi vibaki nje ya mlango.

KUKAUSHA NI NUSU YA KAZI

Watu wengi hufua vizuri, kisha huharibu kazi wakati wa kuanika. Tandiko lenye unyevu ndilo shamba la fangasi, na likirudishwa mgongoni bichi huilainisha ngozi hata ichubuke upesi. Basi lianikwe juu ya kamba, katika jua kali na upepo, na mchana ligeuzwe upande wa pili. Lisianikwe chini, maana litaokota uchafu ule ule uliotolewa. Lisianikwe juu ya michongoma, maana mwiba mmoja ukibaki ndani huwa kidonda kesho.

Kuna hatari nyingine ya nguo zinazoanikwa kivulini au chini. Yuko nzi fulani wa rangi ya manjano na kahawia ambaye hutaga mayai kwenye nguo zenye unyevu, na kwenye mchanga wenye harufu ya mkojo au samadi. Nguo ikivaliwa, funza wadogo hupenya ngozini na kufanya jipu lenye tundu katikati. Dawa yake ni kuanika kwenye jua mpaka nguo zikauke kabisa, kisha kuzipiga pasi ya moto pande zote mbili, hasa kwenye mishono. Nguo za mtoto zisikose pasi kamwe.

Wakati wa masika jua ni haba. Kwa hiyo yafaa kuwa na matandiko mawili, moja likiwa kazini, lingine likikauka. Likosapo jua, lianikeni penye paa na upepo, mbali na mahali watoto wanapolala.

LILE AMBALO KUFUA HAKUONDOI

Sasa tumjibu mama yule. Viini vya pepopunda hukaa matumboni mwa wanyama, hasa punda na farasi, na hutoka na samadi hadi udongoni. Huko hujifunga kama mbegu ngumu na kuishi miaka mingi. Mbegu hizo hazifi kwa sabuni. Hazifi kwa jua. Hata maji yanayochemka hayaziui kwa hakika. Hospitalini tunatumia mashine ya mvuke wenye shinikizo, joto la nyuzi 121, kwa dakika 15 au zaidi. Sufuria ya nyumbani haifiki huko.

Kwa kijana yule viini vingeweza kuingia kwa msumari wenyewe, au kwa mavumbi ya zizini, au kwa kitambaa. Mama yake hakukosa kwa uvivu. Lililokosekana lilikuwa chanjo: kijana alianza sindano za utoto, hakuzimaliza.

Basi shikeni haya manne:

(a) Kitambaa kilichowahi kuwa tandiko, hata kikiwa cheupe kama theluji, kisifunge kidonda, kisipokee mtoto anayezaliwa, wala kisiguse kitovu chake. Kitovu kikatwe kwa wembe mpya, na kisipakwe samadi, majivu wala mafuta. Bora zaidi, mama ajifungulie penye mhudumu wa afya.

(b) Kidonda chochote kilichopatikana zizini, mkokotenini au barabarani, hata kidogo, kioshwe mara moja kwa maji mengi safi na sabuni. Msitie udongo, mafuta ya taa wala samadi. Siku hiyo hiyo njooni zahanati pamoja na kadi ya chanjo.

(c) Watoto wamalize chanjo za majuma 6, 10 na 14, na zile za nyongeza watakazoelekezwa kliniki. Mama mjamzito ambaye hakuchanjwa apate sindano mbili zilizopishana majuma 4, ya pili ikiwa walau majuma 2 kabla ya kujifungua. Kisha aendelee mpaka zitimie tano.

(d) Akina baba na vijana, hapa twasema nanyi. Akina mama huchanjwa wanapokuja kliniki ya wajawazito. Ninyi mnaoshika punda kila siku, mlichanjwa lini mara ya mwisho? Wengi hawakumbuki. Njooni muulize.

Dalili za kuogopa huanza kwa kawaida kati ya siku 3 na 21 baada ya jeraha: taya kukaza, shingo na mgongo kuwa vigumu, maumivu ya kumeza, mwili kushtuka kwa kelele au mwanga. Mtoto mchanga aliyenyonya vizuri siku mbili za kwanza, kisha akashindwa kunyonya na kukakamaa, aletwe upesi bila kungoja asubuhi.

Mama wa yule kijana bado ana punda. Siku moja alipita hospitalini akatuonyesha kadi za chanjo za nyumba nzima, ya mumewe ikiwa juu. Tandiko la punda wake tuliliona nje likiwa limefuliwa na kukauka vizuri. Alitabasamu akasema: "Sista, hili ni la punda. Vidonda vya watoto nimewaachia ninyi."

Ndivyo tunavyowaomba nyote, ndugu zetu. Fueni tandiko kwa ajili ya punda na kwa ajili ya ngozi za watoto wenu. Na kwa pepopunda, njooni kwenye chanjo. Kinga ni bora kuliko tiba.