Seli Zako ama za Brathe? Rada ya Kupandikizwa Uboho Ukipatwa na Saratani ya Damu

Wasee wengi Kenya walianza kuskia story za saratani ya damu wakati Bob Collymore wa Safaricom alituacha, Julai 1, 2019. Lakini ukiskia mtu wako ameambiwa anahitaji seli shina, unajua ni nini hufanyika? Cheki.

Uboho, ile kitu laini ndani ya mifupa, ndio kiwanda cha damu. Kikiharibika, daktari anakipiga na kemo kali, halafu seli fresh zinaingizwa kwa mshipa. Hakuna kisu, ni kama kuongezewa damu. Swali ni, zinatoka kwa nani?

Zinaweza kuwa zako. Zinatolewa mapema, zinagandishwa, unapigwa kemo, unarudishiwa. Hii ni ya mayeloma na limfoma zingine. Mwili hauzikatai juu ni zako. Noma ni kwamba haziji na jeshi jipya, so ugonjwa unaweza rudi, na mayeloma mara mingi hurudi.

Lukemia kali nayo huhitaji seli za mtu mwingine. Hizo zinasaka saratani yenye imebaki na kuimaliza. Lakini manze, zinaweza pia kugeukia ngozi, tumbo na ini yako, ndio maana unameza dawa za kuzituliza kwa miezi. (Na usishtuke ukitoka huko na grupu ya damu ya mwenye alikupea. Hutokea.) Wazee hupewa kemo nyepesi kiasi, juu ile kali inaweza wamaliza.

Sasa kumpata huyo mtu. Ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi 1 kwa 4 ya kufanana na wewe kabisa. Kwa rejista ya Marekani, mzungu ana nafasi kama asilimia 79 ya kupata mtu hajui wa kufanana naye, mweusi 29. Wasee weusi wenye wamejiandikisha ni wachache.

Hapo ndio nusu inaingia. Mathe, fathe na watoto wako wote angalau wanafanana na wewe nusu. Zamani hiyo ilikuwa hatari mbaya, hadi madaktari wa Johns Hopkins wakaonyesha kwamba dawa inaitwa saiklofosfamidi, ukipewa siku ya 3 na 4 baada ya seli kuingia, inapunguza zile zinataka kukushambulia.

Na kama brathe anaogopa kutoa, mwambie mara mingi ni sindano kwa siku kama 5, halafu kukaa kwa mashine masaa kadhaa. Mifupa itamuuma kidogo, kisha anaenda home.